Kuziba rejeta na rejeta kuziba sio kitu kimoja

Juzi tena nimemsikia mtu anaongea na simu, "rejeta ya trekta imeziba, fundi kaweka dawa", na upande wa pili wakamjibu afadhali. Nikajua hapa kila mtu kaelewa lake. Ngoja niliseme leo nipumzike.

Rejeta ni kile kifaa kinachopoza maji ya injini. Kuziba rejeta ni kufunga tundu linalovujisha maji. Rejeta kuziba ni vibomba vyake vya ndani kujaa kutu na chokaa maji yasipite, au vile vibati vyembamba vya nje kujaa makapi na vumbi upepo usipite. La kwanza tiba, la pili ugonjwa. Maana ndo hiyo, haina maajabu.

Maajabu yako kwenye kitenzi chenyewe. Vitenzi vyetu vingi ukitaka kujua nani katenda na nani katendwa vinakuambia, mlango unafungwa au unafungika, kikombe kinavunjwa au kinavunjika. Ziba yenyewe imekaa katikati, unaweza kusema nimeziba tundu na unaweza kusema mfereji umeziba, neno lilelile, na wala hujakosea, hata pua inaziba bila mtu kuiziba. Waganda nao wanalo, okuziba, na kwao hata jua likizama wanasema obudde buzibye, yaani mchana umefungwa kama chupa. Sisi tukalitolea kizibo cha chupa na kizibuo cha kuking'olea. Na hapo kwenye kizibuo ndo pa kutazama, maana Kiswahili kikitaka kupindua tendo kinachomeka u, funga inakuwa fungua, kunja inakuwa kunjua, ziba inakuwa zibua (kumzibua mtu kofi ni habari nyingine). Kwa hiyo rejeta iliyoziba inazibuliwa na rejeta inayovuja inazibwa. Yaani kazi mbili zinazokwenda kinyume kabisa, alafu fundi anakupigia simu anasema "bosi, mambo ya kuziba" na wewe unatuma hela.

Mi yalinikuta. Nina trekta dogo la hp 25, rejeta ikaanza kudondosha maji kona ya chini, niko mbali na shamba, nikamwambia dereva atafute fundi. Fundi akamwaga unga wa kuzuia kuvuja, ule wa kopo. Siku ya tatu dereva ananiambia "bosi, rejeta imeziba". Nikamjibu alhamdulillah, endelea kulima! Yeye alikuwa ananipa taarifa ya msiba, mi nikaipokea kama ya harusi. Jioni ikachemka mpaka gasketi ya silinda hedi ikaungua. Na kinachoniuma ni kwamba wote tulisema kweli: tundu lilikuwa limezibwa na rejeta ilikuwa imeziba, dawa moja ilifanya yote mawili.

Maana ule unga haujui tundu ni lipi na njia ni ipi. Unazunguka na maji, ukifika mahali penye upenyo mdogo unaganda. Kwenye rejeta ya lori lenye vibomba vipana unaweza ukapona, ila trekta dogo rejeta yake ni ndogo, vibomba vyembamba, na kama mmezoea kujaza maji ya mfereji badala ya kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, basi chokaa ilishapunguza njia kabla hata dawa haijafika. Manjano, ute wa yai, pilipili manga, nimeviona vyote vikiwekwa na vyote tabia yao hiyohiyo. Kwa dharura ya kukufikisha nyumbani sawa, sibishi. Ila usiite matengenezo.

Matengenezo ni kuifungua. Kwanza ujue kama ni rejeta kweli inayovuja, maana mara nyingi ni mpira wa maji umepasuka chini ya klipu, au wota pampu inatoka kwenye kile kitundu chake cha chini, au mfuniko umechoka, alafu anasingiziwa rejeta. Injini ikiwa imepoa kabisa (mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi, mvuke unamenya uso) unamwaga maji, unatoa mipira na kava la feni, unaitoa rejeta yenyewe. Fundi rejeta anaiziba midomo ya kuingilia na kutokea maji, ndiyo, anaziba tena, nisameheni, anaizamisha kwenye pipa la maji na kuipa upepo kidogo, usiozidi presha ambayo mfuniko wake unaweza kuizuia, ambayo kwa matrekta mengi haifiki bar 1 au inazidi kidogo tu. Mapovu yanapotoka ndo penyewe.

Hapo sasa kama ni ya shaba inapigwa lehemu. Lehemu, sio kuchomelea, hili nalo jamani! Lehemu tumeichukua kwa Waarabu, ni ya kuunganisha, risasi na bati vinayeyuka kwenye nyuzi 183 hivi na shaba yenyewe haistuki kwa sababu yenyewe inangoja mpaka 1085. Kuchomelea ni kuyeyusha chuma chenyewe kikashikana na mwenzake. Ukimpelekea mchomelea mageti rejeta yako ya shaba ukamwambia "chomelea hapa" atakurudishia tundu la kupitisha ngumi. Na kama ni ya alumini yenye vichwa vya plastiki, lehemu ya risasi haishiki, hapo ni mtu mwenye mashine ya kuchomelea alumini au unabadilisha tu. Kichwa cha plastiki kikipasuka mi ningenunua nyingine.

Iliyoziba ni habari nyingine kabisa. Ya nje unapuliza kutoka upande wa injini kwenda mbele, kinyume na feni inavyovuta, taratibu, ukiipiga maji ya presha vibati vinalala na umejizibia mwenyewe. Ya ndani unapitisha maji kutokea mdomo wa chini yatokee juu. Ukitaka kuijua, washa ipate joto kidogo, zima, pitisha kiganja mbele yake, sehemu iliyo baridi wakati jirani zake zina joto, humo maji hayapiti.

Kwa hiyo ndugu yangu wa kwenye simu, sikukosoi Kiswahili chako, kiko sawa kabisa. Ila siku nyingine ukimpigia mwenye trekta na tundu limeshafungwa, weka ile w, mwambie imezibwa. Na kama ndo hivo haipitishi maji, liache hilo neno, mwambie tu haipitishi maji, azime.