Kwa nini maharage sugu husalimu amri kwa magadi?

Maharage yaliyokaa ghalani mwaka mzima yana kiburi chake. Unayabandika jikoni saa nne asubuhi. Saa nane mchana ukiibonyeza punje bado ni kokoto, na mkaa umeshakuwa jivu. Hapo mpishi anamega kipande cha magadi, kijiwe cha kijivu chenye chembe za mchanga, anakiloweka kikombeni, anasubiri mchanga utuame, kisha anamimina yale maji ya juu sufuriani. Povu linapanda. Haupiti muda mrefu, punje zinapondeka.

Kumetokea nini? Seli za maharage zimeshikanishwa na kitu kiitwacho pektini, kama udongo unavyoshika matofali. Kinachoikaza pektini hiyo ni kalsiamu na magnesiamu, na kadiri maharage yanavyokaa kwenye joto na unyevu ndivyo inavyozidi kukazwa. Magadi nayo ni chumvi ya sodiamu: kabonati na bikabonati zilizoungana, pamoja na maji yaliyofungwa humohumo ndani ya kijiwe. Yakishayeyuka, sodiamu inaishika nafasi ya kalsiamu, ila yenyewe haijui kukaza. Papo hapo alikali ya magadi, yaani ile nguvu yake iliyo kinyume cha asidi, inaikatakata pektini kwenye maji ya moto, na ukuta unabomoka.

Ndiyo maana maji ya kisima yenye chokaa nyingi, yaani kalsiamu, huchelewesha maharage kuiva. Ndimu, ukwaju na nyanya huchelewesha pia, kwa kuwa asidi huifanya pektini isiachie. Anayetia nyanya kabla maharage hayajaiva anajitafutia kazi.

Ukitaka kuigusa alikali yenyewe, chovya vidole kwenye maji ya magadi uvisugue. Utasikia utelezi. Hayo ni mafuta ya ngozi yako yanayoanza kugeuka sabuni.

Kwenye majani ya kunde magadi hufanya kazi nyingine. Mboga ikichemka, asidi iliyomo ndani yake huing'oa magnesiamu kutoka kwenye klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, na kijani kinafifia kuelekea rangi ya kaki. Magadi huiua asidi hiyo, mboga ikabaki kijani kibichi. Hata wanusa ugoro huyachanganya na tumbaku: alikali huifungua nikotini ipenye puani upesi.

Magadi yenyewe yanachimbwa wapi? Kajiado, kusini mwa Kenya, kuna ziwa linaloitwa hivyohivyo, Magadi. Chemchemi za moto huliletea chumvi kutoka kwenye miamba ya volkano, maji hayana pa kutokea, jua linayakausha, na chini kunabaki gamba jeupe. Kampuni ya kulivuna ilianzishwa mwaka 1911. Kiwandani magadi hukaangwa mpaka yatoke maji na hewa ya ukaa, ikabaki kabonati tupu inayouzwa zaidi kwa watengeneza vioo. Mchanga peke yake huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 1,700. Ukichanganywa na kabonati hiyo huyeyuka kwa joto la chini zaidi. Ila kioo cha mchanga na kabonati tu huyeyuka majini, hivyo huongezwa chokaa. Yaani chokaa ileile inayotusumbua kwenye maharage ndiyo inayoliokoa dirisha!

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, lipo Ziwa Natron, na jirani yake Ol Doinyo Lengai, mlima unaotapika lava yenye kabonati ya sodiamu kwa wingi. Hutoka nyeusi kama lami, kisha ikikutana na unyevu inageuka nyeupe. Natroni ndiyo chumvi ambayo Wamisri wa kale walikaushia maiti za wafalme wao, na alama ya sodiamu, Na, imetokana na jina hilo.

Turudi jikoni, maana magadi yana gharama yake. Alikali huharibu vitamini B1, ambayo maharage yanayo kwa wingi. Tena magadi ya mawe huweza kuwa na floridi, na kwa watu wa Arusha na Kilimanjaro, ambako maji ya sehemu nyingi tayari yana floridi, hiyo ni nyongeza juu ya mzigo. Floridi ikizidi, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia. Mimi huloweka maharage usiku kucha, nikayamwaga maji yale, na yakigoma kabisa natia robo kijiko cha chai cha soda ya kupikia. Ukizidisha, mchuzi unanukia sabuni.