Seva hukwama kabla haijaifikia sahihi

Mteja mwingine tena ameniambia wiki hii: "Cheti cha mshambuliaji hakijasainiwa na mamlaka tunayoiamini, kitakataliwa tu. Hitilafu hiyo ya OpenSSL haituhusu." Nimelisikia neno hili mara nyingi mno, na ni kosa.

OpenSSL ni maktaba ambayo programu nyingi huitumia kulinda mawasiliano ya mtandaoni; cheti ni faili linalomtambulisha aliye upande wa pili, na mamlaka ni taasisi inayokisaini. Hitilafu anayoizungumzia ni CVE-2022-0778, iliyogunduliwa na Tavis Ormandy wa Google na kutangazwa Machi 2022. Imo kwenye BN_mod_sqrt(), kitendakazi kinachotafuta kipeuo cha pili katika hesabu za moduli, yaani hesabu za salio baada ya kugawanya kwa namba fulani (hiyo ndiyo moduli). Hesabu hiyo inadai moduli iwe namba tasa. Ukiilisha namba isiyo tasa, kitanzi kinaweza kuzunguka milele, na prosesa inazunguka nacho.

Namba hiyo inatoka wapi? Kwenye cheti chenyewe. Cheti cha mikunjo eliptiki (aina ya hesabu inayotumika kutengeneza funguo za siri) kinaweza kubeba vigezo vya mkunjo vilivyoandikwa kimoja kimoja, badala ya kutaja mkunjo unaojulikana kwa jina. Nukta ya msingi nayo inaweza kuja imebanwa: unapewa x pamoja na alama ndogo tu, y uitafute mwenyewe kwa kipeuo cha pili. Kwa hiyo aliyeandika cheti ndiye anayechagua moduli.

Sasa fuata mpangilio wa kazi. Sahihi haihakikiwi kabla cheti hakijasomwa na kuchambuliwa, na kitanzi kiko humo humo kwenye kuchambua. Programu haifiki kwenye swali la nani amesaini. Mamlaka unazoziamini, orodha ya vyeti vilivyobatilishwa, vyote vinasubiri zamu isiyokuja. Naomba wanaosimamia seva walishike hili kuliko yote.

Kuna visingizio vingine pia. "Sisi ni klaenti tu," yaani programu inayojiunga na seva za wengine. Basi ninyi ndio wa kwanza, kwa sababu klaenti husoma cheti cha kila seva anayounganishwa nayo. Seva huingia hatarini pale inapodai cheti cha klaenti, au inapopokea vyeti na funguo za wateja.

"Kuangusha huduma kunahitaji maelfu ya mashine." Hapa cheti kimoja kinatosha kukwamisha uzi mmoja wa kazi, yaani njia moja ambayo programu huitumia kuhudumia maombi. Rudia mara chache, nyuzi zimekwisha.

"Haivujishi siri kama Heartbleed ya 2014," hitilafu nyingine ya OpenSSL. Kweli, haivujishi. Lakini huduma isiyojibu imeshawaumiza wanaoitegemea.

"Nilishasasisha." Matoleo 1.1.1n na 3.0.2 yaliliziba tundu hilo, sawa. Je, uliziwasha upya huduma zako? Mchakato ulioanza kabla ya kusasisha bado unaitumia maktaba ya zamani iliyo kwenye kumbukumbu, hata kama faili jipya liko diskini. Mimi huendesha lsof, amri inayoorodhesha faili zinazotumiwa na programu, na kutafuta faili za maktaba za OpenSSL, libssl na libcrypto, zilizofutwa ambazo bado zinashikiliwa. Kisha nauliza ni programu zipi zilizojengwa zikiwa na nakala yao ya OpenSSL ndani, kwa sababu hizo lazima zijengwe upya.