Alizeti haiondoi risasi kwenye udongo

Utasikia mara nyingi kwamba udongo wenye madini ya risasi (metali yenye sumu, lead kwa Kiingereza) husafishwa kwa kupanda alizeti misimu miwili mitatu. Ningependa sana iwe kweli, lakini hesabu inakataa.

Chukua hekta moja. Udongo wa juu, kina cha sentimita 20, una uzito wa takriban tani 2,600. Ikiwa kila kilo ina miligramu 500 za risasi, hapo pana kilo 1,300 za risasi. Sasa tuseme umevuna tani 10 za mimea mikavu, kila kilo ikiwa na miligramu 50: umeondoa nusu kilo tu. Kwa mwendo huo utahitaji zaidi ya miaka 2,000. Risasi hung'ang'ania chembe za udongo, na ile kidogo inayofyonzwa hubaki zaidi mizizini. Wala haiozi kama mafuta yaliyomwagika, kwani ni elementi, yaani dutu ya msingi isiyogawanyika kuwa dutu nyingine. Bakteria hawawezi kuivunjavunja.

Kuna mimea inayoiweza kazi hii kwa sumu nyingine. Kangaga la aina ya Pteris vittata hukusanya aseniki kwa wingi majanini, ingawa nalo huchukua miaka, na majani yaliyovunwa ni taka ya sumu (usiwalishe mifugo wala usitengenezee mboji).

Kwa risasi, ama udongo uchimbwe na kuondolewa, ama risasi ifungiwe palepale: fosfati huigeuza kuwa madini yasiyoyeyuka kwa urahisi, kisha ardhi hufunikwa kwa udongo safi na nyasi ili vumbi lisiwafikie watoto, ambao ndio hudhurika zaidi.