Je, wajua kwa nini pampu ya Afridev hufunguliwa kwa spana moja tu?

Pampu ya mkono haingoji chuma kivunjike ndipo igome. Mara nyingi kinachoanza kuchakaa ni mpira mdogo wa pistoni, kule chini kisimani. Ukishalika, unasukuma mpini mara ishirini na bomba linakohoa tu.

Kazi ni kuufikia. Chukua India Mark II, pampu iliyoundwa India miaka ya 1970 kwa msaada wa UNICEF na kusambaa kote Afrika. Silinda yake, chumba cha chini ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni pana kuliko bomba la chuma lililo juu yake, kwa hiyo pistoni haipiti. Kwa ajili ya kipande kinachojaa kiganjani, unang'oa mabomba yote hadi la mwisho, kazi ya mafundi kadhaa na vyombo vizito. Kijiji kinasubiri gari kutoka wilayani, na gari nalo linasubiri mafuta.

Umoja wa Mataifa ulipoutangaza muongo wa maji, 1981 hadi 1990, fedha za wafadhili zilichimba visima vingi, na swali hili likawa kubwa. UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na Benki ya Dunia wakaanza kuzipima pampu za mkono. Sehemu mojawapo ya majaribio ilikuwa Kwale, pwani ya Kenya, na hapo ndipo Afridev iliponolewa, ingawa mbegu yake ilitoka Malawi.

Wabunifu waligeuza vipimo: bomba, tena la plastiki, likawa pana kuliko pistoni. Ukifungua kichwa cha pampu kwa spana, unazivuta fito zinazobeba pistoni, zilizoshikana kwa kulabu, na pistoni inapanda nazo ndani ya bomba lenyewe. Hung'oi kitu. KWAHO, shirika la Kenya la maji na afya, likawahimiza wanawake wa Kwale waingie kwenye kamati za visima na kushika pesa za vipuri. Ndio wanaoteka maji, nani mwingine angeharakisha matengenezo?

Jingine ambalo kwangu ni kubwa kuliko spana: ramani za Afridev ziliachwa wazi, kiwanda chochote kiitengeneze. Tanzania ilikuwa imeonja kinyume chake. Wafini walileta pampu ya Nira Mtwara na Lindi, Waholanzi pampu ya SWN Morogoro, na kipuri cha huku hakikufaa kule.

Afridev nayo ina mpaka wake. Kisima kikizidi mita 45 hivi, mpini unakuwa mzito mno.