Irwin Schiff na hoja ya "hakuna sheria inayonidai kodi"

Kila URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, inapokaza kamba, hakosi mteja wa kuniletea video ya Mmarekani mmoja mzee anayesema kodi ya mapato haina msingi wa kisheria. Wateja wangu wengi wana maduka Kikuubo, mtaa wa biashara jijini, wengine ni Wakongo wanaonunua vitenge Kampala na kuvivusha hadi Butembo na Bunia, kwa hiyo ushauri wa kodi nautoa kwa Kiswahili karibu kutwa nzima. Swali ni lile lile: "Mzee, huyu alishinda?"

Hakushinda. Irwin Schiff, mzaliwa wa Connecticut, alianza na biashara yake ya bima na uwekezaji. Mwaka 1996 aliomba kugombea urais kupitia Libertarian Party, chama kinachotaka serikali ikae mbali na mfuko wa raia, lakini akabwagwa na Harry Browne. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna kifungu kinachomdai mtu binafsi kodi ya mapato, na kwamba mapato kisheria ni faida ya kampuni tu. Akafundisha watu kujaza ritani, yaani fomu ya kodi, kwa sufuri tupu, na kwenye duka lake Las Vegas akauza vitabu vya kueneza somo hilo. Mahakama ziliikataa hoja hiyo kila mara. Mwaka 2006 alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 13, akafa mwaka 2015, bado mfungwa, akiwa na miaka 87.

Kwetu Uganda hoja hiyo haina hata pa kuanzia. Ibara ya 17 ya Katiba ya 1995 inataja kulipa kodi miongoni mwa wajibu wa raia. Ibara ya 152 ndiyo inayotukinga: hakuna kodi bila sheria ya Bunge. Ukijaza sufuri huku mzigo wako umepita forodhani kwa TIN yako, namba yako ya mlipakodi, umejichongea mwenyewe.

Hata hivyo, siwacheki wanaogoma. Julai 2018 ilipoletwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, pamoja na asilimia 1 kwenye mobile money, Bobi Wine, wakati huo mbunge wa Kyadondo East, aliongoza maandamano Kampala. Ile ya mobile money ikashushwa hadi asilimia 0.5, kwa kutoa pesa tu. Ya mitandao ilikufa mwaka 2021, ingawa nafasi yake ilichukuliwa na asilimia 12 kwenye bando za intaneti. (Serikali haiachi mfupa bila kuhakikisha umekwisha nyama.) Aprili 2024 maduka ya Kampala yalifungwa kwa sababu ya EFRIS, mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki, na faini zake, na Rais Museveni akakutana na wafanyabiashara. EFRIS bado ipo.

Lakini kinachowaumiza wateja wangu hasa hakimo kwenye video wala kwenye mabango. Tuseme URA wanakukadiria milioni 40 na wewe hukubali hata shilingi. Una siku 45 za kuweka pingamizi. Kamishna ana siku 90 za kujibu. Akikukatalia, una siku 30 za kwenda kwenye baraza la rufaa za kodi, TAT. Na huko, kwa kawaida, unatakiwa kwanza ulipe asilimia 30 ya kodi inayobishaniwa, au ile sehemu unayoikubali kama ndiyo kubwa zaidi. Yaani milioni 12 taslimu, kabla hujasikilizwa. Mwenye ghala atazipata. Mwenye kibanda cha vitenge, ambaye mtaji wake wote umelala kwenye marobota, atakubali kulipa kidogo kidogo kodi ambayo pengine hadaiwi. Nimewaandalia watu mipango ya malipo ya namna hiyo huku nikijua kabisa kwamba wangefika TAT, wao ndio wangeshinda.

Mwanasiasa atakayesimama na ajenda hiyo moja tu, ya kuwaondolea wenye maduka madogo ile asilimia 30, nitampigia kura hata akitoka chama nisichokipenda.