Je, wajua kwa nini GRE inazidi kuwa ngumu ukijibu vizuri?

Kuna wasiwasi unaowapata wengi wanaofanya mtihani wa GRE: seksheni ya kwanza imekwenda vizuri, unaingia ya pili maswali yamebadilika sura, sentensi unaisoma mara tatu hushiki kitu, roho inakwambia basi tena, nishafeli. Ukija kuhadithia barazani utapewa pole mpaka ushibe. Na kumbe kuna uwezekano mkubwa umepewa magumu kwa sababu ulifanya vizuri.

Kwa asiyeujua, huu ni mtihani wa ETS, shirika la mitihani la Marekani, vyuo wanautumia kuchuja wanaoomba masta na PhD. Ila chagua kozi kwanza, mtihani baadae. Uingereza masta nyingi hawauulizi kabisa, Marekani idara nyingi zimeufanya hiari tangu 2020, na ukiomba masta hapa kwetu SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wanachotazama ni digirii yako ya kwanza. Mwenye kutaka PhD ya uchumi Marekani huyo ndo ajipange, idara nyingi bado wanautaka na jicho lao liko kwenye hesabu.

Sasa utaratibu wenyewe. Ukitoa insha ya nusu saa, zinabaki sehemu mbili, Kiingereza na hesabu, kila moja ina seksheni mbili, ya kwanza maswali 12 na ya pili 15. Ile ya kwanza ni ya ugumu wa kati kwa kila mtu. Ukiimaliza, kompyuta inaangalia umepata mangapi, halafu ndo inaamua ya pili ikuletee ya ugumu gani.

Ni kama ustadhi wa chuo cha Kurani anavyompima aliyehifadhi. Hamwambii asome msahafu mzima, muda huo hana, anamwanzishia aya ya katikati tu amsikilize. Akiona anateremka nayo vizuri anamtupa kwenye mutashabihati, zile aya zinazofanana, ambazo ukiteleza neno moja ushahamia sura nyengine bila kujijua. Akiona anababaika anamrudisha Juzuu Amma, kwenye zile sura fupi. Si kwamba kamchukia yule wa kwanza, ni kwamba akiendelea kumuuliza mepesi atajibu yote na ustadhi hatojua mwisho wake uko wapi. Sasa wakitoka hapo kila mmoja akasema "nimekosea pahala patatu", ustadhi hawapi daraja moja, maana mmoja kakosea kwenye mutashabihati na mwengine kakosea Juzuu Amma.

GRE hivyo hivyo. Alama za kila sehemu zinaanzia 130 mpaka 170, na ndani ya seksheni kila swali uzito wake ni mmoja, gumu au jepesi. Ila ile idadi uliyopata inageuzwa kuwa alama kwa kuzingatia ugumu wa seksheni uliyopewa, kwa hiyo mwenye 20 kati ya 27 kwa njia ngumu anamzidi mwenye 20 hizo hizo kwa njia nyepesi. Hesabu ya barazani inapinda hapa: watu wanahesabu wamekosa mangapi, hawaulizi wamekosea wapi.

Lakini nako kuutafuta ugumu kama dalili si salama. Kila seksheni imechanganywa, mepesi yamo na magumu yamo, na mtu akishachoka kila swali linamuelemea. ETS hawatangazi ni mangapi kati ya 12 yanakuvusha, kwa hiyo wale wa YouTube wanaosema "lazima 8" kwa kujiamini kabisa wanakisia. Kuna na ule ushauri kwamba swali la kwanza ndo linaamua kila kitu, huo ni wa zama nyengine, kabla ya Agosti 2011 kompyuta ilikuwa inabadilisha ugumu swali baada ya swali na ukishajibu hurudi nyuma. Siku hizi ndani ya seksheni unaruka, unaweka alama, unarudi, na kosa halikatwi maksi, sasa kuacha tupu ni kujinyima tu.

Pole za barazani zinapokuja kuleta hasara ni mwishoni. Ukimaliza, skrini inakuuliza: alama zako zihesabiwe au zifutwe? Ukisema zihesabiwe unaziona papo hapo za Kiingereza na hesabu. Ukisema zifutwe huonyeshwi kitu. Basi yule aliyeletewa seksheni ngumu kwa sababu alifanya vizuri, akajiona kafeli, anazifuta alama ambazo pengine zingekuwa nzuri kuliko alivyotarajia, na hatozijua mpaka alipie kuzirudisha ndani ya siku 60. Na haja ya kufuta karibu haipo, kwa sababu ETS wanakuruhusu kuchagua mtihani upi chuo kiuone na upi ubaki kwako.