Lambo la "hatari kubwa" si lazima liwe bovu

Mwenye lambo la udongo huko Bahi au Chamwino akisikia limewekwa katika daraja (kundi) la hatari kubwa, hudhani tuta limeanza kupasuka. Sivyo. Daraja hilo huangalia nani ataumia tuta likibomoka: bondeni kuna nyumba, shule, barabara? Uimara wa tuta hukaguliwa kivyake. Ndiyo maana lambo imara lililo juu ya kijiji huwa hatari kubwa, na bovu la porini huweza kuwa hatari ndogo. Tena daraja hupanda watu wakijenga bondeni, hata tuta lisipoguswa.

Ubovu wenyewe hutafutwa kwingine: mashimo ya wanyama, mizizi ya miti, njia ya maji ya ziada iliyoziba. Hiyo izibuliwe kabla ya mvua za Desemba, na maji yakivuja na tope chini ya tuta, mwite mhandisi siku hiyohiyo.